Siku Tisa za Umande

Jumanne tarehe 14 Agosti 2091, saa tatu kasoro robo asubuhi, Mihayo Kasubi alibonyeza Ndiyo.

Alibonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kile chenye ukucha uliokufa tangu taruma, lile gogo la kulalia reli, limwangukie akiwa kazini, na alibonyeza huku akitabasamu. Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika. Siyo siku mkewe alipofariki, maana kifo kile kilikuwa na watu wa kulaumiwa, na Mihayo aliwalaumu kila asubuhi akinywa uji. Wala siyo siku zahanati ya Ntumbi ilipofungwa "kwa muda", muda ambao sasa ulikuwa umeingia mwaka wa kumi na nne. Ni Jumanne ile, ndani ya chumba cha tiketi cha stesheni ya zamani, mbele ya kibao chenye vibonyezo viwili na swali moja: je, mji wa Ntumbi uhamishwe kilomita ishirini na mbili kuelekea kusini, nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima, kaburi kwa kaburi, ili bonde lake liwe shamba la vioo vya kuvuna jua?

Mtu mzima wa miaka sabini na minane, aliyezunguka mji mzima miezi sita akiwaambia watu wakatae. Na kidole chake mwenyewe kikaenda kule.

Ili ieleweke ilikuwaje, inabidi turudi nyuma siku nane.

*

Jumatatu tarehe 6 Mihayo alikwenda kupimwa kichwa.

Kila aliyefika miaka sitini alipaswa kupimwa kabla ya kura. Ndivyo ilivyosema Sheria ya Rika. Wakubwa walikuwa wamegawa dawa za kurefusha umri bure nchi nzima, wakapigiwa makofi. Miaka thelathini baadaye wakageuka nyuma wakakuta wazee ni wengi kuliko vijana, na kila kinachopelekwa kwenye kura kinakataliwa. Barabara mpya, hapana. Mtaala mpya, hapana. Basi badala ya kujiuliza wamewafanyia nini wazee hao hadi wasiamini kitu, wakatafuta dawa nyingine. Kuna watu hawajui kufikiria kitu kingine zaidi ya dawa.

Aliyekaa nyuma ya meza ya vipimo alikuwa mjukuu wake, Kabula, binti wa miaka ishirini na tisa, muuguzi aliyesomea Dodoma kisha akaajiriwa na Ofisi ya Rika.

"Karibu, mume wangu," alisema Kabula. Ndivyo alivyomwita tangu akiwa na miaka minne. "Mbona umenuna? Umeachwa?"

"Nimeolewa na mwanamke wa serikali. Ninune nisinune?"

"Vua kofia yako nikuvike yangu."

Kofia yake ilikuwa ya matundu matundu, nyepesi kama chujio la tui, na ndani yake mlikuwa na vijiti vidogo vilivyogusa ngozi kwa ubaridi. Kabula akamsomea maswali arobaini. Mengine ya kijinga: ungependa ugali wa rangi ya bluu? Mengine mazito. Kofia haikujali alichojibu. Ilisikiliza namna jibu lilivyopita kichwani, kama lilizunguka kwanza au lilikwenda moja kwa moja.

"Themanini na tatu," Kabula alisema, akageuza kishikwambi chake ili babu aone. "Mwisho unaoruhusiwa ni sabini."

"Maana yake mimi ni mjinga."

"Siyo ujinga, babu. Angalia. Unajua kile kinjia cha ng'ombe cha kwenda kisimani? Mwaka wa kwanza ni nyasi tu zimelala. Mwaka wa thelathini ni mfereji. Ng'ombe ukimweka popote pale karibu, miguu yake yenyewe inatumbukia humo. Ubongo ni hivyo hivyo. Wazo jipya likiingia kwako halipati pa kutembea, linatumbukia kwenye njia ya zamani na kutokea pale pale. Hapana. Hapana. Hapana."

"Na hayo matone yenu?"

Kabula akainua kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Umande, ndivyo kilivyoitwa. Kimiminika chake kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi.

"Yanafukia mifereji. Siku tisa tu, halafu inarudi yenyewe. Hayaweki neno hata moja kichwani mwako, nakuapia. Yanarudisha nyasi tu. Utafikiri kama ulivyofikiri ukiwa na miaka ishirini na minne."

"Nikiwa na miaka ishirini na minne nilikuwa juha."

"Bibi Seche alikukubali ukiwa hivyo hivyo."

Mihayo akagonga meza kwa kidole, kama anayepima chuma. Alikuwa nyapara wa genge la reli miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma na nyundo ya mpini mrefu, akigonga reli na kusikiliza: chuma kizima kinaimba, chuma chenye ufa kinakohoa. Aliwahi kusimamisha treni ya mizigo kwa kukohoa kwa kipande kimoja.

"Reli laini haibebi treni," alisema mwishowe.

"Na reli isiyoachiwa nafasi inapinda juani. Wewe ndiye uliyenifundisha, ukanionyesha na ile nafasi ya kidole kimoja kati ya chuma na chuma."

"Nilikufundisha vizuri mno. Na wakubwa wenu, wao wamepimwa?"

Kabula akatazama mezani. Wakubwa walikuwa na kitu kinachoitwa cheti cha busara. Mwenye cheti hicho hakuvishwa kofia.

"Mimi naomba tu uchague, babu. Bila matone hupigi kura."

Hapo ndipo alipobanwa. Asipopiga kura, Ntumbi itahama, na watamchimbua mkewe, Sechelela. Akikubali matone, atakayekwenda kupiga kura atakuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyevaa mwili wa Mihayo, na nani ajuaye kijana yule atataka nini? Lakini Mihayo alijijua. Hasira yake ilikuwa na mizizi. Alijiambia kwamba hakuna tone linaloweza kuufikia mzizi ule, ukiwa umekwenda chini kiasi kile.

Akaegemeza kichwa nyuma. Kabula akamdondoshea moja jicho la kulia, moja la kushoto.

"Pole, mume wangu," alinong'ona. "Linawasha kidogo."

*

Halikuwasha. Lilikuja kama usingizi unaokujia ukiwa umesimama.

Siku ya pili aliamka akasikia harufu ya vumbi. Miaka mingapi alikuwa hajaisikia? Vumbi la Ntumbi lina harufu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Ya asubuhi ni kama mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Alikaa mlangoni akaivuta hadi jua likapanda, na uji ukapoa, na hakumlaumu mtu.

Siku ya tatu alimsikia jirani akipiga wimbo wa hawa vijana wa sasa, ule usio na mwanzo wala mwisho, ambao kila siku aliuita mlio wa pampu mbovu. Akasimama uani akagundua ndani yake kuna sauti ndogo inayojificha, inachungulia, inajificha tena, kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Akaisubiri itokee. Ilipotokea akacheka peke yake.

Alitembea. Miguu ilikuwa ile ile mibovu, lakini barabara ilikuwa imekuwa ndefu kwa utamu. Vitu vilimjia kila kimoja kivyake, havikushikana mikono na vitu vya zamani. Akimwona mwenyekiti wa mji, alimwona mwanaume mwenye shingo nyembamba aliyekunja shati vibaya. Alijaribu kumchukia. Alitafuta ile chuki mahali alipoiweka, kama mtu anayepapasa rafu ya juu akitafuta kiberiti, akakuta rafu tupu, safi, na upepo unapita.

Siku ya tano akafika kwenye vioo.

Vilikuwa vya majaribio, kumi na viwili tu, vimesimamishwa nje ya mji, kila kimoja kikubwa kama ukuta wa nyumba. Vililifuata jua polepole bila kelele. Mihayo akasimama mbele ya kimoja akaona mbingu imelala juu ya ardhi, mawingu yanapita chini ya kiuno chake, kunguru anaruka kati ya magoti yake. Akaingiza mkono mawinguni. Ulikuwa mkono wa mzee, lakini mawingu yaliupokea.

Na pale pale, akiwa amesimama ndani ya mbingu, akamkumbuka Seche bila yale maumivu yanayomkaba. Alikumbuka kifo chake kilivyokuwa hasa.

Moyo wake Seche ulianza kuchezacheza asubuhi ya siku ya soko. Zahanati imefungwa. Gari la wagonjwa liko Manyoni, halina dereva, au dereva yupo na gari halina betri. Majibu yalikuwa mawili na yote yalitoka kwa mtu mmoja. Mihayo akamlaza mkewe juu ya kiberenge cha genge, kile kigari kidogo cha reli, akamfunika na koti lake la kazi, akakiendesha kuelekea Manyoni. Kilomita arobaini na moja. Seche alifia kwenye kilomita ya ishirini na sita, kwenye jiwe lenye namba iliyofutika, akiwa ameshika kola ya mumewe na kumwambia apunguze mwendo, upepo ulikuwa mwingi.

Miaka mitatu Mihayo alikuwa ameishi ndani ya kilomita ile. Kila alichoulizwa alijibu kutoka pale. Walikataa kutupatia gari, basi nami nakataa kuwapa chochote.

Sasa akageuka, akatazama kusini. Kwa mara ya kwanza akasoma kile kibao cha ramani kilichokuwa pale miezi yote, alichokitemea mate mara mbili. Ntumbi Mpya. Shule. Soko. Hospitali ya vitanda sitini, umeme wake unatoka kwenye vioo. Akahesabu kwenye ramani kwa hatua za mfanyakazi wa reli, toka nyumba iliyo mbali kuliko zote hadi mlango wa hospitali. Kilomita moja na robo.

Kilomita moja na robo, alirudia. Wazo likatembea kichwani mwake juu ya nyasi, bila haraka, likaangalia kulia, likaangalia kushoto. Seche angefika. Angefika akiwa anaongea. Angefika akiwa analalamika juu ya upepo.

Akakaa chini ya kioo akalia kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa kwamba mkewe yuko njiani.

*

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne.

Sheria iliweka kizuizi kimoja kwa waliotumia matone, kizuizi ambacho wakubwa walijisifia sana magazetini. Mpiga kura wa umande alipaswa kuja na shahidi wa nafsi, mtu aliyemfahamu kwa miaka isiyopungua ishirini. Shahidi anaulizwa swali moja: huyu ni yeye? Akisema siyo, kura haipigwi.

Shahidi wa Mihayo alikuwa Mbeleje, mdogo wake Sechelela, mwanamke wa miaka sabini mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Alikuwa Mgogo, naye Mihayo Mnyamwezi, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara. Mihayo alikuwa amemwoa mtani wake, kwa hiyo Mbeleje alikuwa shemeji na mtani kwa pamoja, jambo lililomaanisha kwamba kwa miaka hamsini na nne hawakuwahi kusalimiana bila matusi.

Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekaa kwenye mabenchi ya abiria. Mbeleje akafika na kuanzia mlangoni.

"Jamani, nani ameacha gunia la michembe ya viazi kwenye benchi? Ah! Kumbe ni shemeji. Samahani, Mnyamwezi, nilidhani wewe ni mzigo, kumbe ni mbeba mzigo."

Watu wakacheka, wakageuka kusubiri. Siku zote jibu lilikuwa tayari, kuhusu mlenda, na namna unavyowateleza Wagogo hadi akilini.

Mihayo akanyanyuka. Akamshika mikono yote miwili.

"Mbeleje," alisema. "Una macho ya dada yako. Sijawahi kukwambia."

Mbeleje akachomoa mikono yake. Akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu kupanda juu, kama anayetafuta mahali nguo ilipochanika. Halafu akamvuta sikio, si kwa utani.

"Nitukane."

"Kwa nini nikutukane, shemeji? Leo ni siku nzuri."

"Nitukane, Mihayo!"

Akatabasamu tu.

Kabula akaita namba yao. Alikaa nyuma ya dirisha la tiketi, mbele yake kishikwambi chenye fomu. Alikuwa amechoka, alikuwa ameshaandikisha wazee mia moja na kitu tangu alfajiri, na alipowaona hawa wawili uso wake ukachangamka, maana angalau hapa angepata kicheko.

"Bibi Mbeleje, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana yule aliyekuwa anakaa humu."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Bibi, jibu swali. Huyu ni yeye?"

"Siyo yeye!" Mbeleje akapaza sauti. "Nasema siyo yeye! Huyu ni mtu mwingine ameazima mifupa ya Mnyamwezi! Shemeji yangu ana mdomo kama shoka. Huyu amenisifia macho. Mrudisheni mlikomtoa!"

Watu walishika mbavu. Mzee mmoja alifuta machozi kwa mkia wa shati. Mbeleje akageuka kuwatazama, akarudia, "Sitanii! Jamani, leo sitanii!" Wakacheka zaidi, maana hakuna mtani asiyesema hivyo anapotania. Na kadiri alivyokasirika ndivyo alivyochekesha.

Kabula naye alicheka. Na akicheka hivyo hivyo, kwa mazoea ya mtu aliyekua akisikiliza watu hawa wawili wakitukanana juu ya sufuria la wali, akagusa palipoandikwa *Ni yeye*, akafungua mlango mdogo, akamwambia babu yake apite.

*

Alhamisi matokeo yalibandikwa. Ndiyo, mia nne na kumi na mbili. Hapana, mia nne na kumi na moja.

Mihayo aliyasoma akiwa amerudi kuwa Mihayo. Ilikuwa imemtoka usiku kama jasho la homa. Aliamka vumbi likiwa vumbi, wimbo wa jirani ukiwa pampu mbovu, na ile hasira ikiwa imekaa kwenye rafu yake, ikimsubiri kama paka. Alikumbuka kila kitu. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa amesahau angesema alilewa. Lakini alikumbuka mbingu magotini, alikumbuka kilomita moja na robo, na hesabu hiyo, kila alipoirudia, ilikuwa sahihi bado. Ila sasa wazo likitembea hatua mbili linatumbukia mferejini na kutokea kilomita ya ishirini na sita.

Akamfuata Kabula ofisini.

"Futa."

"Babu, pingamizi lina siku thelathini tangu siku ya kura. Lakini siyo wewe unayelileta. Ni shahidi. Bibi Mbeleje aape kwamba siku ile hukuwa wewe, bila utani, aweke dole gumba."

"Alikwambia siku ile ile! Ulimsikia kwa masikio yako!"

Kabula akafunika uso kwa viganja. "Nilimsikia. Na kwa miaka yote niliyoishi sijawahi kumsikia akisema kitu kuhusu wewe ambacho ni kweli."

"Mnanipa dawa, mnanigeuza, halafu mnaniletea shahidi ambaye kazi yake duniani ni kunidhihaki. Ofisi gani hii?"

"Ni mimi, babu. Usiseme ofisi. Niliyeandika ni mimi."

Hakuwa amezoea hilo, mtu wa serikali kusema *ni mimi*. Hakujua alipeleke wapi. Akaondoka.

Alimkuta Mbeleje uani kwake, akichambua mboga za mlenda. Mihayo akamweleza. Kuapa tu. Dole gumba tu. Kura moja ikifutwa zinalingana, na zikilingana sheria inasema mji unabaki.

"Na hospitali?" Mbeleje aliuliza.

"Hospitali ni maneno ya wakubwa. Mimi nimeyala maneno yao miaka kumi na minne."

"Siku ile uliyaamini."

"Siku ile sikuwa mimi! Si ulisema mwenyewe?"

Mbeleje akatupa jani bovu upande.

"Nilisema. Nilikuwa nimeogopa." Akachukua jani jingine. "Nikurudie baadaye, Mnyamwezi. Kuna kitu kinanisumbua humu, na hakitaki kunijia kwa sura ya mzaha."

Alisema baadaye. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu.

*

Wachimbaji walikuja Jumatatu tarehe 10 Septemba, zikiwa zimebaki siku tatu za pingamizi.

Walikuwa wanne, wamevaa nguo za rangi ya chungwa, na mashine yao ilikuwa ndogo, ya kimya, ikielea juu ya ardhi kwa urefu wa kiganja ili isikanyage makaburi mengine. Hilo nalo lilimchoma Mihayo: kwamba waliposhughulikia wafu walikuwa na adabu namna ile. Makaburi ya Ntumbi yalikuwa nyuma ya njia ya reli. Kaburi la Sechelela lilikuwa na msalaba wa chuma cha reli, ambao mumewe aliukata na kuuchomelea mwenyewe. Jua la saa nne lilikuwa limetanda juu yake jeupe, na mbali, vile vioo kumi na viwili viligeuza nyuso zao pamoja, polepole, kama watu wanaomsikiliza mtu mmoja.

Kabula alikuwepo na kishikwambi chake, kwa kuwa kila kaburi lilihitaji saini. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mashine ikasogea. Hapo Mbeleje akatokea kati ya makaburi akiwa amejifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya wachimbaji, akajilaza chali juu ya kaburi la dada yake, kichwa kwenye msalaba, mikono kifuani.

Kijana wa mashine akaizima. "Shikamoo, bibi. Tafadhali, hapa ni eneo la kazi."

"Marahaba. Endelea na kazi. Nichimbe."

"Mwache," Mihayo alimwambia. "Huyo ni mtani."

Kijana alikuwa wa mahali pengine lakini hilo alilielewa. Mtani ana haki hiyo makaburini: analala, anazuia kazi, na hakuna mkuu wa wilaya wala askari awezaye kumnyanyua mpaka wafiwa wamkomboe kwa kile anachotaka. Wachimbaji wakaweka zana chini. Mmoja akatabasamu. Akatarajia kuona mchezo.

"Haya, Mgogo," Mihayo alisema, na sauti yake ilikuwa na tumaini la kwanza tangu Agosti. "Sema unataka nini. Kuku? Jogoo yule mweupe?"

"Kuku wako ana umri kama wewe. Sitaki."

"Unataka nini?"

"Kabula, mjukuu wangu, sogea hapa. Fungua hiyo fomu yako. Nikisema siyo yeye, nini kinatokea?"

"Nafuta kura, bibi. Mji unabaki. Na mimi naandika nilivyokosea, na wakubwa wataniuliza."

"Na nikisema alikuwa yeye?"

Kabula akaangalia mashine. "Wanachimba."

"Hospitali inajengwa."

"Ndiyo, bibi. Inajengwa."

Mbeleje akatazama mbingu. Akiwa amelala vile alionekana kama anaelea, udongo mwekundu chini yake, na mwanga wa vioo ukicheza juu ya kanga yake, unakuja na kuondoka.

"Nilikwambia kuna kitu kinanisumbua," alisema. "Siku ile nilipiga kelele kwa sababu niliona mgeni. Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikamkumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alikuja kwetu kijana amevaa shati la njano, kutoka genge la reli. Mama akamtukana, dada wengine wakamtukana, kwa kuwa ni mtani, na yeye hakujua kujibu. Alimwangalia Seche tu, akasema, una macho mazuri. Tukamcheka wiki nzima. Huyo ndiye niliyemwona stesheni, Mihayo. Hakuwa mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa nimemsahau."

Mihayo akafungua mdomo.

"Subiri. Na wewe nakujua. Wewe ndiye uliyemfunika kwa koti lako. Ndiye unayekuja hapa kila Jumapili kupangusa chuma hiki. Yule mwenye shati la njano asingeweza; hakuwa bado na kitu cha kuchukia wala cha kupangusa. Nikikuapia wewe, namwita yule mwizi. Nikimwapia yule, nakuita wewe mfereji wa ng'ombe, kama wanavyosema wakubwa zako."

"Siyo wakubwa zangu," Mihayo alisema, kwa mazoea tu.

Hakuna aliyecheka. Kabula alikuwa ameshika kishikwambi kwa mikono miwili, kidole kimoja juu ya kioo chake. Wachimbaji wanne walikuwa wamevua kofia zao bila kuambiwa. Mbeleje akageuza shavu, akaligusisha udongo, kama anayeuliza kwanza huko chini kabla ya kuuliza huku juu.

"Sitaki kuku," alisema. "Nataka unijibu, na ukinijibu nanyanyuka na kuweka dole gumba utakapotaka. Dada yangu aliolewa na yule, akafia mikononi mwako. Angefumbua macho sasa hivi, hapa, mbele yetu, ni yupi kati yenu ambaye angemwita 'mume wangu'?"